Zana Zilizofungwa Utepe

Harufu ya mazuti, dizeli yetu, ikinijia puani, namwona mjomba wangu, Tonton Placide, amevaa tai. Juzi ilinijia kwenye matanga yake mwenyewe. Jenereta, ambayo sisi wa Kisangani huiita groupe, ilikuwa ikiunguruma nyuma ya nyumba, na moshi wake ukapenya hadi chini ya turubai tulipoketi wanawake wa familia. Mbele yetu bwana mmoja mwenye mikrofoni alikuwa akieleza kwamba marehemu alikuwa baba wa informatique, elimu ya kompyuta, katika mji huu, kwamba ndiye aliyejenga programu ya kwanza ya hesabu kando ya mto wetu, tena wakati wa vita, tena kwa mikono yake miwili. Waombolezaji wakatikisa vichwa kukubali. Nikamgeukia dada yangu mkubwa, Georgette, ambaye tangu nijue kusema namwita Yaya. Alikuwa anachambua pondu, kisamvu chetu, kwa ajili ya chakula cha jioni, na hakuinua macho.

Baba wa informatique. Tonton hakuwahi kuwasha mashine bila kuita mtu amwonyeshe kitufe. Najua marehemu hasemwi vibaya, shangazi zangu wamenikumbusha hilo tangu msiba uingie, kana kwamba wanaujua ulimi wangu. Lakini uongo nao una mipaka yake, na huu niliuona ukizaliwa. Nilikuwepo, nimevaa soksi nyeupe.

Tulikuwa tunaishi kwake, mtaa wa Mangobo, kwa sababu vita vilikuwa vimeukata mto. Papa alikuwa ameshuka Kinshasa na boti la mizigo, na kabla hajapanda kurudi, askari wa pande mbili wakajipanga kule chini, mbele ya Basoko, na hakuna boti lililopita tena. Yeye akabaki upande wa serikali, sisi upande wa waasi, mji ukiwa mkononi mwa Commandant wao. Mama akafunga virago, akatupeleka kwa kaka yake. Tonton alitupokea, alitulisha makemba, ndizi za kupika, na samaki kila alipoweza, na viatu vyangu vya kwanza vya shule alininunulia yeye. Nalisema hili mapema ili lisije likatumika dhidi yangu.

Alikuwa msaidizi tu katika chuo kidogo cha hesabu, chuo ambacho leo hakipo hata jina. Mkurugenzi wa kweli alipokimbia, Tonton alijikuta ameshika funguo, na wakati wa vita mwenye funguo ndiye mkurugenzi. Akaanza kuitwa Monsieur le Directeur, kwanza na yeye mwenyewe, kisha na wengine. Alizining'iniza funguo zile kiunoni, na sisi watoto tulizisikia kabla ya kumwona. Tai hakuivua hata saa ambazo mbuzi wa jirani walikuwa wamelala hoi kwenye kivuli cha choo.

Chuo kilikuwa na kompyuta moja iliyobaki nzima. Tonton aliifunika kitambaa cheupe kilichofumwa maua, na juu ya kitambaa akaweka chombo chenye maua ya plastiki. Wanafunzi waliruhusiwa kuitazama. Mimi nilipoletwa pale mara ya kwanza nilifanya ishara ya msalaba, kwa sababu kitu pekee nilichokuwa nimewahi kukiona kimefunikwa hivyo kilikuwa altare. Tonton alifurahi sana, akawasimulia wageni wake wiki nzima.

Yaya hakuwa na muda wa altare. Alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya licence, msichana peke yake darasani, na kazi yake ya kuhitimu ilisimama juu ya milinganyo ambayo mkono wa binadamu haumalizi. Alijaribu. Nakumbuka karatasi zimejaa hadi chini ya kitanda tulicholalia wote wawili, na kila karatasi ilizaa nyingine ndefu kuliko yenyewe. Ilitakiwa mashine ifanye kazi ile, na programu ya kuifanya ilikuwepo. Mtafiti mmoja Mzungu aliyekimbia vita vilipoanza alikuwa ameiacha kwenye CD, ndani ya droo, pamoja na sabuni yake ya kunyolea.

Tatizo ni kwamba programu ile haikuja tayari. Ilikuja kama maandishi matupu, yale waliyoyaandika watu walioitunga, na kila anayeitaka lazima aijenge mwenyewe kwenye mashine yake. Na huwezi kujenga bila zana. Yaya alinieleza hayo tukiwa tunatwanga, nami nikauliza maswali kama mtoto yeyote.

"Yaya, si programme iko ndani ya CD?"

"Iko, lakini iko maandishi tu. Machine haijue kusoma ile maandishi."

"Nani anajua?"

"Compilateur. Njo inageuza maandishi, machine inasikia. Na kuko zingine za kusaidia, make, m4, perl. Zote inafaa ziingie mbele, kisha njo tunajenga."

"Ziko wapi?"

"Haziko. Machine ya Tonton iko na maua tu."

Kwa muda mrefu nilidhani Compilateur ni mtu, mzee fulani mwenye miwani, na kwamba siku moja atashuka kwenye ndege. Nilimsubiri kwa hamu. Aliyeshuka kwenye ndege akawa Papa Kambale, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, mtu wa misa kila asubuhi, aliyekuwa akienda na kurudi mashariki kwa ndege za mizigo kwa sababu barabara zilikuwa za kufa. Yaya alikuwa amemwomba amtafutie CD yenye zana zile. Ilichukua muda mrefu kiasi kwamba meno yangu ya mbele yalikuwa yametoka na mengine yameota. Alipoipata akaja nayo ameifunga ndani ya soksi ya mtoto isikwaruzike, imelala katikati ya robota la vitenge. Kama kuna mtu wa kupigiwa hotuba katika habari hii, ni yeye, na hajawahi kupata hata moja.

Kosa lake lilikuwa kuipeleka chuoni badala ya kuileta nyumbani. Tonton akaipokea, akaitoa kwenye soksi, akaitazama pande zote mbili, akaifungia kabatini.

"Tonton, unipatie tu ile CD," Yaya alimwambia jioni ile mezani. "Ninaweka outils leo, kesho asubuhi ninaanza kujenga. Professeur iko nafika juma hili, na atarudia Bukavu na ndege yake. Kama sina résultats, hanisikilize."

"Georgette, weye unapenda kukimbiza mambo," Tonton akasema, akichambua mwiba wa samaki. "Hii iko matériel ya État. Iko na protocole. Commandant njo ataitoa, mbele ya batu bote. Remise officielle."

"Bila outils machine haiwezi kujenga."

"Itajenga siku ya cérémonie. Commandant ataboyeza yeye mwenyewe kitufe."

"Remise iko saa gani kwenye programme ya cérémonie?"

"Mwishoni, mbele ya cocktail. Inafaa iwe hivyo, batu babakie mpaka mwisho."

"Na kuboyeza kitufe?"

"Mwanzoni, kisha ya hotuba yangu."

Yaya akaweka tonge lake chini. "Donc tutajenga kwanza, kisha njo tutapata outils."

"Huyu mutoto," Tonton akamwambia Mama, "anapenda kubishana na bakubwa." Mama, ambaye alikuwa anakula chakula cha kaka yake chini ya paa la kaka yake, alimwambia Yaya aheshimu. Mimi niliona Tonton ameshinda. Alikuwa mkubwa, alikuwa na funguo, na neno remise officielle lilisikika tamu sana kuliko neno compilateur.

Hapo kulibaki jambo la mazuti. Umeme wa maporomoko ya Tshopo ulikuwa umekufa, mtambo umevunjika na vipuri vyake viko ng'ambo ya vita. Papa Kambale na wenzake wa sokoni walikuwa wamechangia bidoni mbili za mazuti kwa ajili ya groupe ya chuo. Yaya alikuwa amepiga hesabu ya mazuti yale kwa uangalifu kuliko hesabu zake za darasani. Kujenga programu kwenye mashine kuukuu kama ile kungechukua kutwa nzima na zaidi, kisha kuipa milinganyo iitafune kungechukua kiasi kingine. Bidoni mbili zingetosha, na kingebaki kidogo cha kusafishia koo, kama alivyosema. Mjini hapakuwa na mazuti mengine. Yaliyoingia kwa ndege yaliingia kwa ajili ya askari.

Siku ya sherehe nikavalishwa soksi nyeupe. Groupe iliwashwa asubuhi mapema, si kwa ajili ya kompyuta, bali kwa ajili ya friji ya bia, maana mgeni hawezi kunywa bia ya moto. Kisha wakaunganisha vipaza sauti, kisha feni mbili za kuwapepea wakubwa, ambao hawakuwa wamefika. Muziki ukapigwa kwa nguvu hadi watu wa toleka wakasimamisha baiskeli zao barabarani kuuliza nani anaoa. Tukakaa. Jua likapanda, likatupita kichwani. Commandant alifika mchana akiwa na walinzi na miwani ya jua, na muziki ukaanza upya ili ausikie na yeye. Profeseri wa Bukavu, aliyekuja kusikiliza kazi za kuhitimu, alikuwa ameketi safu ya mbele, karibu na friji.

Tonton akahutubu. Alisema kuhusu babu zetu waliohesabu kwa vidole, akasema kuhusu mitumbwi ya Isangi na uhusiano wake na kompyuta, uhusiano ambao hadi leo sijauona. Alimshukuru Commandant kwa kila kitu, hata kwa mvua. Yaya alikuwa amekaa kando yangu. Kila baada ya muda aligeuza kichwa kuelekea nyuma ya jengo, palipokuwa na groupe.

Basi Commandant akasimama, kitambaa cha maua kikaondolewa, na kidole chenye pete kikabonyeza kitufe ambacho Yaya alikuwa ameamriwa kukiandaa. Mistari myeupe ikaanza kukimbia kwenye kioo cheusi. Mungu wangu, nilivyoona fahari. Nilidhani hiyo ndiyo hesabu yenyewe, hesabu zote za dunia zinapita mbele ya macho yangu. Leo najua mashine ilikuwa inafanya tu ukaguzi wa awali, inapapasa kila kona yake kutafuta zana. Kisha ikasimama. Mstari wa mwisho ulikuwa mfupi na ulisema kwamba hakuna compilateur, na kazi haiwezi kuendelea.

Watu wakamtazama Tonton. Naye akautazama mstari ule, akaweka mkono juu ya kompyuta.

"Excellence," akasema kwenye mikrofoni, "machine iko nafikiri."

Wakapiga makofi. Wakasimama wima wakapiga makofi, Commandant, walinzi wake, mapadri, wakuu wa shule, na profeseri wa hesabu akiwa na glasi mkononi. Katika watu wote wale, wenye diploma ukutani, hakuna aliyesoma maneno machache yaliyokuwa mbele yake. Nami nikapiga makofi hadi viganja vikauma. Nilipomgeukia Yaya, machozi yalikuwa yanamteremka mashavuni, na nikajua ni furaha, maana niliwahi kumwona Mama akilia hivyo arusini.

"Yaya, imekuwa muzuri, hein?"

"Sikiliza groupe," akasema.

Nikasikiliza. Ilikuwa inaunguruma vizuri tu, na nikaona ajabu kwamba mtu aweze kulizwa na sauti ya groupe. Niliweka mkono wangu ndani ya mkono wake ili tufurahi pamoja.

Zana zilikuja mwishoni, kama ilivyopangwa. Msichana mwenye gauni la komunyo alizileta kwenye sinia, CD ya Papa Kambale imefungwa utepe wa bluu wenye ua kubwa. Commandant akaichukua, Tonton akanyoosha mikono yote miwili, na wakiwa wameishika hivyo kwa ajili ya mpiga picha, groupe ikakohoa. Ikakohoa tena, ikazima. Feni zikapunguza mwendo, vipaza sauti vikafa. Tonton aliendelea na maneno yake ya shukrani kwa mdomo mtupu, na waliokuwa nyuma wakapiga makofi kwa kukisia.

Jioni ile ile Yaya alipewa CD yake, na utepe wake, na bidoni mbili tupu.

Kazi ya kujenga programu ikikatika katikati, huanzia pale ilipoishia. Hiyo ndiyo kazi ya make, kujua kipi kitangulie na kipi kifuate. Yaya alilijua hilo, kwa hiyo hakutaka mengi. Hata nusu bidoni, alisema, aanze tu. Alimfuata Tonton barazani, amwombee kwa Commandant, ambaye magari yake yalikunywa mazuti kutwa mjini kwa safari za kwenda kunywa bia. Tonton alikuwa ameketi na miguu yake ndani ya karai la maji.

"Excellence habaombake mazuti," akasema. "Itaharibisha relations."

Papa Kambale alizunguka mji mzima kwa miguu. Alirudi na chupa moja ya mafuta ya taa, akaomba radhi. Yaya akaenda kwa profeseri mwenyewe, nami nikaenda naye, kwenye nyumba ya wageni ya mapadri. Alikuwa anafunga sanduku.

"Mademoiselle, mimi ninasikilizaka résultats," alimwambia. "Ulikuwa na machine, ulikuwa na outils, nimeona kwa macho yangu banakupatia. Mwaka unaokuja."

Ndege ikaondoka. Mwaka uliofuata ndege ya profeseri haikuja. Yaya alipokwenda kuomba mazuti mengine kwa wafadhili wa chuo, alijibiwa kwa mshangao kwamba programu ilikwisha kujengwa, Monsieur le Directeur aliwaarifu rasmi, na picha waliiona. Hapo ndipo alipoacha kuuliza. Kisha majeshi mawili ya kigeni yaliyowasaidia waasi, yaliyokuwa marafiki, yakagombana katikati ya mji wetu, na sisi tukalala chini ya vitanda tukihesabu milipuko badala ya kulala. Tulipotoka, paa la chuo lilikuwa limeanguka juu ya kompyuta. Kitambaa cha maua kilikuwa kizima. Tonton alikichukua, akakikung'uta vumbi, akakirudisha nyumbani, na kwa miaka mingi kikafunika televisheni yake.

Yaya hakuhitimu licence. Anafundisha hesabu wasichana wa sekondari hadi leo, kwa cheti kile kile cha gradué alichokuwa nacho kabla ya bidoni zile, na wanafunzi wake kadhaa sasa wana vyeo ambavyo yeye hana. Niliposoma na kupata kompyuta yangu, nilimletea nyumbani. Nikaandika amri moja, na zana zote, compilateur na zile ndogo ndogo, zikashuka na kujiweka mahali pake kabla chai haijapoa. Kisha akaijenga programu, toleo jipya la ile ile. Akaenda kwenye sanduku lake, akatoa milinganyo. Sikujua kwamba alikuwa ameitunza. Aliiandika polepole kwa vidole viwili, na jibu likatoka kabla pondu haijaiva jikoni.

Alilitazama. "Njo vile nilikuwa nafikiri," akasema, akaifunga kompyuta, akaenda kukoroga chungu. Nilibaki pale mezani nikiwa na hasira ambayo haikuwa na mtu wa kumwangukia, maana Tonton wakati ule alikuwa mzee, na alikuwa anasinzia mbele ya televisheni yake.

Sasa rudi nami chini ya turubai. Bwana wa mikrofoni alikuwa amefika mahali pa ushuhuda. Eti matunda ya kwanza ya programu ya marehemu yako hapa hapa kati yetu, ni mpwa wake mwenyewe, Maman Georgette, professeur wa mathématiques. Aje atuambie maneno mawili. Watu wakageuka. Yaya akaweka sinia la pondu chini, akajifuta vidole, akaenda mbele akapewa mikrofoni.

"Ile programme haikujengwaka," akasema. "Hata siku moja."

Niliwaona shangazi zangu wakishikana mikono. Bwana yule akaichukua mikrofoni kutoka mkononi mwake kwa upole, kama anavyonyang'anywa mgonjwa kikombe.

"Ni huzuni njo inasema," akatueleza. "Tumupigie Maman makofi ya nguvu."

Wakapiga. Nawaapia, wakapiga makofi, na wengine walikuwa watoto wa wale wale. Mimi viganja vyangu niliviweka mapajani.

Yaya hakurudi mahali pake. Alipita kando ya viti, akazunguka kona ya nyumba, na bwana wa mikrofoni akaendelea kusimulia jinsi mashine ilivyokuwa ikifikiri. Groupe ikanyamaza katikati ya neno. Mdomo wake ukaendelea kucheza kwa muda, mkono mmoja hewani, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi tukasikia vyungu vikitokota na watoto wakigombana uani.

Yaya akarudi, akaketi kando yangu. Mikono yake ilikuwa inanuka mazuti. Akaipangusa kwenye ncha ya kitenge chake cha matanga, kidole kimoja kimoja, kisha akavuta sinia karibu.

"Inabakia nusu bidoni," akaniambia, akashika jani la pondu.